Folda ya gigabaiti 18 na simu moja: uchambuzi wa kisa cha kuhamisha kumbukumbu kutoka hifadhi ya wingu

Mkusanyaji mmoja wa historia simulizi alikuwa ameweka kazi yake yote katika folda moja ya hifadhi ya wingu, naye alihitaji folda hiyo iwe ndani ya simu yake kabla ya kwenda kukaa kwa wiki kadhaa mahali pasipo na mtandao. Kompyuta hakuwa nayo. Simu ya Android ndiyo aliyorekodia mahojiano, ndiyo aliyotumia kuyapakia wingúni, na ndiyo ambayo angeitumia kuyasikiliza upya akinukuu maneno ya wasimulizi wake. Jina la huduma aliyoitumia nimeliacha, kwa sababu mengi yaliyomkuta hayatokani na huduma hiyo peke yake. Yanatokana na jinsi folda za wingu na simu za mkononi zilivyoundwa, na yeyote atakayejaribu jambo hili kwa simu atakutana na sehemu kubwa ya hayo.

Kabla ya kuchambua hatua zake, ni vizuri kuijua folda yenyewe, kwa kuwa karibu kila tatizo lililojitokeza lilikuwa limekwisha kujificha ndani yake. Ilikuwa na mafaili 412 yenye ukubwa wa gigabaiti 18 kwa jumla. Rekodi za sauti zilikuwa 36, kila moja ikiwa na wastani wa saa nzima, zote katika muundo wa WAV usiobanwa, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, mkondo mmoja wa sauti. Rekodi ya namna hiyo hutumia baiti 96,000 kwa kila sekunde, yaani takriban megabaiti 346 kwa saa, na kwa hiyo rekodi peke yake zilichukua gigabaiti 12.4. Kulikuwa na video moja ndefu ya gigabaiti 4.6. Kulikuwa na hati 36 za unukuzi zilizoandikwa moja kwa moja ndani ya huduma ya wingu, na mafaili 339 yaliyosalia yalikuwa picha na kurasa zilizoskaniwa, jumla yake ikiwa kama gigabaiti moja. Simu ilikuwa na hifadhi ya ndani ya gigabaiti 64, lakini zilizokuwa wazi ni 21 tu. Pembeni yake kulikuwa na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32, mpya, ambayo haijawekwa kitu.

Kwa hesabu ya haraka mambo yalionekana mepesi: folda ni 18, nafasi ni 21 ndani na 32 kwenye kadi. Hesabu hiyo haikuwa na kosa, ila ilidhani kwamba folda itashuka kama kitu kimoja, na hapo ndipo ugumu wote ulipoanzia.

Folda ya wingu ni orodha

Mtu anapoiona folda kwenye skrini huiona kama mfuko wenye vitu ndani. Katika hifadhi ya wingu hakuna mfuko wa namna hiyo. Kuna rekodi katika hifadhidata inayosema kwamba faili fulani lina mzazi fulani, na programu inapofungua folda huiomba seva orodha ya mafaili yote yenye mzazi huyo, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Maudhui ya faili lenyewe huombwa baadaye, kwa ombi jingine, faili moja baada ya jingine. Kwa hiyo agizo la kupakua folda nzima halipo katika tabaka la chini la mawasiliano. Lazima mtu au programu fulani iamue namna ya kuigeuza orodha hiyo kuwa mafaili ndani ya simu, na uamuzi huo unaweza kuchukua moja kati ya njia tatu ambazo hazifanani hata kidogo: kuweka alama ili mafaili yafunguke bila mtandao ndani ya programu ya huduma, kuifunga folda nzima katika faili moja la zipu kisha kulipakua, au kunakili faili moja moja hadi katika folda halisi ya simu.

Mkusanyaji alizijaribu zote tatu kwa mfuatano huo, na ninadhani watu wengi hufuata mfuatano huohuo, kwa kuwa njia ya kwanza ndiyo inayoonekana kwanza katika menyu na ya tatu haionekani kabisa.

Alama ya kutumia bila mtandao

Alifungua programu ya huduma, akachagua mafaili, akawasha kitufe cha kuyafanya yapatikane bila mtandao. Uwezo wa kuiwekea alama hiyo folda nzima hutofautiana kati ya huduma na huduma: katika Dropbox na OneDrive, kwa mfano, faili moja moja linaweza kuwekwa na mtumiaji wa kawaida, lakini folda nzima ni haki ya anayelipia. Yeye ilimbidi aingie katika kila folda ndogo na kuchagua mafaili kwa mafungu. Alama zilipojaa zote, aliridhika kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu programu zenyewe haziielezi. Mafaili yaliyowekewa alama hiyo huhifadhiwa katika eneo la faragha la programu ya huduma. Katika Android kila programu ina eneo lake la namna hiyo ambalo programu nyingine haziruhusiwi kuliona, wala kidhibiti cha mafaili hakiruhusiwi. Programu ya kunukuu ambayo mkusanyaji aliitegemea, ile inayorudisha sauti nyuma kwa sekunde chache kila anaposimama, ilipotafuta rekodi haikuona hata moja. Angeweza kuzifungua moja moja kwa kupitia programu ya huduma, lakini kazi yake ilihitaji folda yenye majina na mpangilio, si faili linalotolewa kwa mkono kila mara. Hali hiyo ni kama ya msomaji aliyeruhusiwa kusoma kitabu ndani ya chumba cha maktaba: kitabu kipo mbele yake, lakini hawezi kutoka nacho.

Kuna hatari nyingine ambayo ni kubwa zaidi kuliko usumbufu huo. Eneo la faragha la programu huondoka pamoja na programu. Ukiiondoa programu, au ukifuta data zake katika mipangilio kwa nia ya kupata nafasi, nakala zote hupotea, na mahali pasipo na mtandao hakuna pa kuzirudishia. Katika iPhone hali inafanana kwa kiasi: folda ya iCloud inaweza kupakuliwa kutoka programu ya Files, lakini mfumo una ruhusa ya kuyaondoa maudhui yaliyoshushwa pale nafasi inapobana, na uwezo wa kuuambia usiyaondoe ulikuja na iOS 18 mwaka 2024. Kwa maoni yangu alama ya kutumia bila mtandao inamfaa mtu anayetaka kusoma hati chache ndani ya ndege. Kwa kumbukumbu za watu ambazo mtu anakwenda kuzifanyia kazi kwa wiki kadhaa, haitoshi.

Zipu na sababu zake za kukatika

Alipogundua kwamba rekodi hazionekani, mkusanyaji aligeukia kivinjari. Alifungua tovuti ya huduma, akaiagiza ioneshwe kama inavyoonekana katika kompyuta, akachagua folda na kubonyeza kitufe cha kupakua. Seva ilianza kuandaa zipu. Upakuaji ulianza, ukaenda, ukakatika. Alipoanza upya, ulianza kutoka mwanzo kabisa, na jambo hilo ndilo lililomkatisha tamaa kuliko yote, kwa sababu bando lililokwisha kutumika halirudi.

Kwa nini faili la kawaida likikatika huendelea pale lilipoachia, na zipu ya folda haiendelei? Itifaki ya HTTP, yaani kanuni ambazo kivinjari na seva huwasiliana kwazo, inaruhusu kuomba sehemu tu ya faili: kivinjari huiambia seva kwamba tayari kina baiti kadhaa za mwanzo, kipewe zinazofuata. Ombi hilo linawezekana pale ambapo seva inalo faili lenye urefu unaojulikana na lisilobadilika kati ya ombi moja na jingine. Zipu ya folda mara nyingi haina sifa hizo, kwa kuwa haipo mahali popote kabla ya kuombwa. Hutengenezwa papo hapo, mafaili yakisomwa na kutumwa kadiri yanavyofungwa, na urefu wake wa mwisho haujulikani mpaka imalizike. Ndiyo maana kivinjari hakioneshi asilimia ya kilichoshuka, bali huonesha megabaiti zinazoongezeka bila mwisho unaojulikana. Mtandao ukikatika, hakuna faili la kurudia. Kuna agizo jipya la kutengeneza zipu mpya.

Baadhi ya huduma hupunguza tatizo hilo kwa kuigawa folda kubwa katika zipu kadhaa, kila moja ikiwa na takriban gigabaiti mbili, huku faili linalozidi kiwango hicho likishushwa peke yake nje ya zipu. Msaada huo ni wa kweli, lakini unamwachia mtumiaji kazi ya kuzifungua zipu zote mahali pamoja ili folda ndogo zirudi katika umbo lake, na kwenye skrini ndogo kosa dogo tu la kuchagua mahali pa kufungulia hutawanya folda moja katika sehemu tatu.

Nafasi nayo ilikataa. Zipu ya gigabaiti 18 inahitaji gigabaiti 18, na kuifungua kunahitaji nyingine 18 kabla ya zipu yenyewe kufutwa. Picha na video zimekwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa, kwa hiyo kuzitia katika zipu hakuzipunguzi, na rekodi za WAV hupungua kidogo tu. Nafasi ya ndani ilikuwa 21. Hata kama mtandao ungekuwa imara kuanzia mwanzo hadi mwisho, zipu hiyo isingefunguka mahali iliposhukia.

Jambo la tatu linahusu simu yenyewe. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia mezani, skrini imezimwa na haijachomekwa kwenye chaji, huingia katika hali ya usingizi ambapo matumizi ya mtandao ya programu nyingi huahirishwa hadi vipindi vifupi vya kuamka. Mtu anayeanzisha upakuaji wa saa nyingi kisha akaiweka simu kando, bila chaji, anaiomba ifanye kitu ambacho imeundwa kutokifanya. Hesabu ya muda inaonesha uzito wa jambo hili: baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gigabaiti 18 ni gigabiti 144, ambazo kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua saa 4 kamili pasipo kukatika, na kwa kasi ya megabiti 4 huchukua saa 10. Android 15 imeongeza kikomo kingine kwa programu zilizoundwa kwa ajili yake: huduma ya kuhamisha data inayoendelea wakati mtumiaji ameiacha programu, ile inayoonesha taarifa ya kudumu juu ya skrini, hupewa saa 6 tu ndani ya kila saa 24. Sina ugomvi na kanuni hizi, kwa kuwa zinalinda betri za watu wote. Ila anayehamisha kumbukumbu kubwa lazima azijue, asije akadhani ni mtandao wake unaomwangusha.

Kunakili faili moja moja

Njia iliyofaa ilikuwa ya tatu, na ilihitaji programu tofauti na ile ya huduma. Zipo za aina mbili. Aina ya kwanza ni programu za kusawazisha folda, kama FolderSync, ambazo mtumiaji huziunganisha na akaunti yake ya wingu, akachagua folda ya juu na folda ya simu, kisha zikanakili. Aina ya pili ni rclone, programu huria ya mstari wa amri, yaani inayoendeshwa kwa kuandika amri badala ya kubonyeza vitufe, inayofahamu huduma nyingi za wingu na ambayo katika simu huendeshwa ndani ya Termux, programu inayotoa dirisha la kuandikia amri hizo. Rclone ni nzuri sana na mimi huipenda kwa ukweli wa ripoti zake, lakini mkusanyaji hakuwa mtu wa mstari wa amri, na pia katika simu za sasa Termux haina uhuru wa kuandika popote inapotaka kwenye kadi ya kumbukumbu. Ilichaguliwa programu ya kusawazisha.

Hapa kuna uamuzi mmoja ambao ni mzito kuliko mingine yote katika kisa hiki, nao ni mwelekeo wa usawazishaji. Programu hizi hutoa njia tatu: kutoka wingu kwenda simu, kutoka simu kwenda wingu, na pande zote mbili. Njia ya pande zote mbili huvutia kwa jina lake, kwa sababu inaonekana kama inatoa zaidi. Lakini chaguo la kufuta likiwa limewashwa, maana yake ni kwamba kila kinachofutwa upande mmoja kitafutwa upande wa pili pia. Mtu aliyeko safarini, nafasi imemwishia, akafuta rekodi kumi kwenye simu akijua kwamba asili zake ziko salama wingúni, atarudi penye mtandao na programu itazifuta zile za wingúni kwa utiifu. Huduma nyingi huweka vilivyofutwa katika pipa la taka kwa muda fulani, na kwa wengine huo ndio umekuwa wokovu, lakini sauti ya msimulizi ambaye huenda hatarekodiwa tena haipaswi kutegemea pipa la taka. Kwa kazi ya namna hii mwelekeo uwe mmoja, wingu kwenda simu, na chaguo la kufuta lizimwe kabisa. Ndivyo ilivyowekwa.

Faida ya kunakili faili moja moja ilionekana mara moja. Mtandao ulipokatika, kilichopotea ni sehemu ya faili moja. Kazi ilipoanzishwa tena, programu ililinganisha orodha mbili, ikayaruka mafaili yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki. Simu iliachwa kwenye chaji na waifai, na programu ikatolewa katika orodha ya zile zinazobanwa ili kuokoa betri. Picha zilikwenda taratibu kuliko ukubwa wake ulivyoashiria, kwa kuwa kila faili, hata dogo, lina gharama yake ya ombi na jibu. Rekodi kubwa zilitiririka bila tatizo.

Kadi, majina na hati zisizo na baiti

Kisha kadi ikakataa video. Kadi za kumbukumbu zisizozidi gigabaiti 32 kwa kawaida huja na mfumo wa mafaili wa FAT32, na mfumo huo hauwezi kubeba faili linalozidi baiti 4,294,967,295, yaani takriban gigabaiti 4.3. Video ya gigabaiti 4.6 isingeingia hata kadi ingekuwa tupu, na ujumbe uliotokea ulizungumzia kushindwa kuandika bila kutaja sababu hiyo. Kadi kubwa zaidi, za kuanzia gigabaiti 64, huja na exFAT ambayo haina kikomo hicho. Mkusanyaji hakuhitaji kununua kadi nyingine: video iliwekwa katika hifadhi ya ndani ya simu, ambayo haitumii FAT32, na mafaili mengine yote, gigabaiti 13.4, yakaenda kwenye kadi. Hifadhi ya ndani ikabakiwa na zaidi ya gigabaiti 16, nafasi ya kutosha kwa kazi yake mpya.

Majina nayo yalileta shida yake. Mkusanyaji alikuwa na desturi nzuri ya kuandika saa ya mahojiano katika jina la faili, mfano 14:30. Hifadhi ya wingu huikubali nukta pacha bila swali, lakini FAT32 na exFAT haziikubali, kama zisivyokubali alama ya kuuliza, nyota, mabano ya pembe na alama nyingine kadhaa. Programu zinapokutana na jina kama hilo, baadhi hubadilisha alama kimyakimya na baadhi huliacha faili. Lililofanyika ni kubadilisha majina wingúni kwanza, nukta pacha ikawa kistari, ili jina liwe moja pande zote mbili na programu isije ikaliona faili lilelile kuwa jipya kila inapolinganisha.

Hati za unukuzi zilihitaji uangalifu wa aina nyingine. Hati iliyoandikwa ndani ya huduma ya wingu, kama zile za Google Docs, si faili lenye maudhui linaloweza kunakiliwa baiti kwa baiti. Ni data ndani ya hifadhidata ya huduma, na ili ishuke lazima igeuzwe kuwa muundo mwingine, mara nyingi wa Word au PDF. Kwa sababu hiyo ukubwa wake hauwezi kulinganishwa kabla na baada. Zaidi ya hayo, kilichofika kwenye simu ni nakala ya hati ilivyokuwa wakati ule, na uhusiano wake na hati ya wingúni umekatika. Alichagua muundo wa Word kwa kuwa angeendelea kuandika ndani yake.

Mafaili 408

Kazi ilipoisha programu ilitangaza mafanikio. Kisa kingeishia hapo kama mkusanyaji asingehesabu. Kwenye kadi kulikuwa na mafaili 407 na katika hifadhi ya ndani video moja, jumla 408. Wingúni kulikuwa na 412.

Nne zilizokosekana zilikuwa za sababu mbili. Moja ilikuwa rekodi. Katika folda moja ndogo kulikuwa na rekodi mbili tofauti zenye jina lilelile, jina ambalo simu hulitoa yenyewe mtu asipoandika lake. Baadhi ya huduma za wingu huruhusu jambo hilo, kwa sababu huko faili hutambulishwa kwa namba yake ya ndani, si kwa jina. Katika kadi jina ndilo kitambulisho, na mawili hayawezi kukaa pamoja. Programu ilichukua moja na kuliacha la pili. Fikiria maana yake: mahojiano ya saa nzima yangebaki nyuma, na mtu angeligundua hilo akiwa mahali ambapo hawezi kufanya lolote. Rekodi ile ilipewa jina lake sahihi wingúni na ikashuka.

Mafaili matatu yaliyobaki yalikuwa kurasa zilizoskaniwa ambazo si za mkusanyaji. Mshirika wake alizipakia katika folda hiyo ya pamoja na alikuwa amezuia upakuaji kwa wasio wamiliki, mpangilio ambao baadhi ya huduma hutoa. Kurasa zinaonekana, zinasomeka kwenye skrini, lakini hazipakuliki. Ziko mbinu za kuzunguka kizuizi kama hicho, kuanzia kupiga picha ya skrini, na mkusanyaji alishauriwa asizitumie. Mwenye mali aliweka zuio kwa kusudi au kwa kutojua, na lililo sawa ni kumuuliza. Aliulizwa, akaliondoa, na hesabu ikafika 412.

Hesabu ya mafaili haitoshi peke yake, kwa kuwa faili linaweza kuwapo na lisiwe zima. Huduma nyingi huhifadhi muhtasari wa hesabu wa kila faili, yaani namba fupi inayokokotolewa kutoka kwa baiti zake na ambayo hubadilika faili likibadilika: Google Drive hutoa ule uitwao MD5, Dropbox na OneDrive zina ya kwao. Programu nzuri inaweza kukokotoa muhtasari huohuo kutoka kwa nakala ya simu na kuulinganisha. Ulinganisho huo ulifanywa kwa rekodi, video na picha, na zote zilikubaliana. Kwa hati 36 zilizogeuzwa muundo haukuwezekana, kwa hiyo zilifunguliwa moja moja kwa macho. Kisha simu ikawekwa katika hali ya ndege, ikazimwa na kuwashwa, na programu ya kunukuu ikafunguliwa. Rekodi zote 36 zilionekana katika folda zake. Jaribio hili la mwisho ni rahisi kuliko yote na ndilo linalorukwa mara nyingi. Mtandao ukiwa umewashwa, simu inaweza kukuonesha faili ambalo halimo ndani yake na usitambue.

Sauti za watu kwenye kadi inayochomoka

Limebaki suala ambalo mkusanyaji hakuliuliza, na ambalo naona lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Mafaili yakiwa wingúni yalilindwa na nenosiri. Hifadhi ya ndani ya simu za Android za miaka ya karibuni imesimbwa, yaani data zake zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo, na hufunguka kwa namba ya siri ya mwenye simu. Kadi ya kumbukumbu iliyowekwa kwa matumizi ya kuhamishika kwa kawaida haijasimbwa. Anayeichomoa na kuitia katika simu nyingine anasikia kila kitu: majina, magomvi ya kifamilia, mambo ambayo msimulizi aliyasema kwa kumwamini mtu mmoja aliyeketi mbele yake. Ridhaa iliyotolewa ilikuwa ya kuhifadhi na kunukuu. Haikuwa ya kusafirisha sauti hizo katika kitu chenye ukubwa wa ukucha.

Rekodi zote kuwa katika hifadhi ya ndani kungekuwa bora, lakini gigabaiti 12.4 za rekodi pamoja na 4.6 za video zingeacha nafasi ndogo mno. Video haikuwa na msimulizi ndani yake. Ilikuwa ya mandhari na shughuli za hadharani. Kwa hiyo mpangilio uligeuzwa. Video ilifutwa katika simu, ikabaki wingúni, kwa kuwa unukuzi haukuihitaji. Rekodi 36 na hati zake zikahamishiwa hifadhi ya ndani, na ulinganisho wa muhtasari ukarudiwa baada ya uhamisho. Kadi ikabaki na picha na kurasa, baada ya kuondoa chache zilizoonesha sura za watu pamoja na majina yao. Kwa namna hii karibu gigabaiti 8 na nusu zilibaki wazi ndani ya simu, na kazi ya kuandika haihitaji nyingi.

Kurudi kwake penye mtandao kutahitaji mpango wake, nao uliandaliwa kabla hajaondoka. Hati za Word atakazozihariri hazitarudi zenyewe katika hati za wingúni, na programu ya kusawazisha imewekwa mwelekeo mmoja. Atazipakia katika folda mpya yenye tarehe ya kurudi, pembeni mwa zile za awali, azilinganishe kwa utulivu, kisha ndipo aamue hati ipi ichukue nafasi ya ipi. Rekodi zilizoko kwenye simu zitafutwa baada ya hapo, na kwa kuwa usawazishaji ni wa upande mmoja, kufutwa kwake hakutazigusa zile za wingúni.